Chuma cha Sebuleni

Nieleweke mapema: sina ugomvi na vyuma. Mlango wangu ni wa chuma, madirisha yana vyuma, na kitanda ninacholalia kina chuma kinachonichoma ubavu mwaka wa tano sasa, na sijakiandikia hata mstari. Ugomvi wangu ni na chuma kimoja tu, kile kilichosimama katikati ya sebule yangu hapa Garissa, kutoka sakafuni hadi darini, kimevishwa mpira mweusi, kimetulia kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti. Watu wakiingia hukitazama, kisha hunitazama mimi, kisha hutazama viatu vyao. Wenye adabu huuliza kama mvua imenyesha huko Mwingi.

Mambo yalianzia hospitali. Mwenzangu alikwenda kupima presha, akarudi na sukari. Haikuwa imepanda sana. Ndiyo kwanza ilikuwa inatafuta ngazi. Daktari akamwambia apunguze vijiko vya sukari kwenye chai, jambo ambalo katika mji huu ni sawa na kumwambia samaki apunguze maji. Kisha akampa kipimo cha Shirika la Afya Duniani: mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki. "Tembea tu, mama," akasema. "Kutembea ni bure."

Ni bure, naam, ila yeye daktari alikuwa amekaa chini ya feni. Garissa ya mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 36, na hata makorongo wa mjini, ndege wasiojua haya wala adabu, husimama midomo wazi. Basi mwenzangu akaamua kutembea jioni. Siku ya kwanza watu sita walimsimamisha kumuuliza kama kuna msiba. Siku ya pili tuktuk nne zilimpigia honi, na ya tano ikamfuata polepole hadi nyumbani, dereva akisikitika kwamba mke wa mwalimu amekosa nauli. Siku ya tatu alirudi na kilo mbili za nyama ya ngamia, kwa kuwa aliona haya kupita sokoni mara tatu mikono mitupu. Hapa mtu hatembei bila kuwa na anakokwenda. Ngamia ndio wenye ruhusa hiyo.

Ndipo binti yetu aliyeko Nairobi alipopiga simu. "Mama anunue nguzo," akasema.

"Nguzo ya nini?"

"Ya mazoezi, Baba. Inafungwa ndani ya nyumba."

"Mazoezi gani hayo yanayotaka nguzo?"

Kukawa na kimya, kile kimya cha mtoto anayechagua neno. "Wengine huiita nguzo ya densi."

Mimi ni mtu wa Malindi, niliyeletwa huku na barua ya uhamisho miaka kumi na mitatu iliyopita. Nimeona watalii, na filamu nazo nimeziona. Nikamwambia binti yangu kwamba Garissa densi tunayo, inaitwa dhaanto, huchezwa na watu waliovaa nguo zao zote, miguu ikiwa ardhini, na haihitaji spana.

Binti akanisomea kesi kama wakili. India, akasema, wanamieleka wamekuwa wakifanya mazoezi juu ya nguzo ya mti tangu zamani, na mchezo huo, mallakhamb, jina lake lenyewe ni mwanamieleka na nguzo vikiunganishwa. China wanasarakasi hupanda nguzo na kurukia nyingine. Na mwaka 2009 liliundwa shirikisho la dunia la mchezo wa nguzo, ambalo mwaka 2017 lilipewa hadhi ya mwangalizi kwenye muungano wa mashirikisho ya michezo duniani. Nikamwambia mwangalizi ni kama mimi harusini: nimo, nimekula, lakini hakuna anayenipa maikrofoni. Tena babu yangu alikuwa mgema. Alipanda nguzo kila siku ya maisha yake, asubuhi na jioni, bila shirikisho, na nguzo yake ilikuwa na nazi juu. Hii ya kwenu juu kuna nini?

"Juu kuna dari, Baba," akasema. Sikujua wakati ule kwamba hapo ndipo penye habari yote.

Mwenzangu aliyekuwa akisikiliza akaikata kesi. "Niambie ukumbi wa mazoezi ambako nitavua baibui na mlangoni asiwepo mwanamume. Huna? Basi. Nyumbani mlango una komeo na dirisha lina pazia. Chuma hakina dhambi, dhambi ni ya anayechungulia." Akaagiza. Tena aliagiza kwa akili: unene wa milimita 45, ambao kiganja cha mtu mzima kinaukumbatia vizuri, na kilichovikwa silikoni. Vile vya chuma kitupu hushika ngozi tu, ndiyo maana watu wa kwenye filamu huonekana wamesahau nguo. Cha silikoni hushika kitambaa. Mtu anaweza kuvaa suruali ndefu na mikono mirefu akaning'inia kwa heshima zake.

Kilikuja kwa basi kutoka Eastleigh, kilomita mia tatu na sabini hivi, kikiwa vipande ndani ya gunia. Nilipofika ofisi ya basi kukichukua, gunia lilikuwa limezungukwa na wajuzi. Mmoja alisema ni bomba la kisima. Wa pili akasema ni mlingoti wa bendera, Maalim anafungua shule yake. Wote wakanigeukia. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa fupi: ni chuma cha mazoezi cha mke wangu. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni nguzo ya dishi."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, nao ulinirudia kesho yake saa mbili asubuhi. Mwenye mkokoteni wa punda aliyenibebea gunia, kwa wema wake, alikuwa ameniletea fundi wa dishi.

Ningemfanyaje? Nikamwingiza. Akatazama vipande, akatazama dari, akauliza, "Dishi litakaa sebuleni?" Nikamwambia tuanze na nguzo. Sasa dari yangu, nyumba yenyewe ikiwa ya kupanga, ni ya jipsamu yenye maua pembeni, na mwenye nyumba huyataja maua hayo kila anapopandisha kodi. Ndani ya gunia kulikuwa na kijitabu kilichokataza kwa herufi kubwa kukaza chuma kwenye dari ya aina hiyo. Nilikisoma mchana ule, baada ya ajali, kama tunavyosoma vijitabu vyote.

Chuma cha aina hii kina skrubu kubwa chini. Ukiizungusha, chuma kinarefuka, kikajibana kati ya sakafu na dari. Kwenye ghorofa lenye zege juu hiyo inatosha, kwa kuwa zege halina pa kwenda. Jipsamu lina pa kwenda. Ni ubao mwembamba wa jasi uliovaa karatasi, umewekwa pale kuficha mbao na kuzuia vumbi, si kubebeshwa watu. Fundi alizungusha mara ya kwanza, ya pili, na kwenye ya nane chuma kikapita juu taratibu kama kijiko kwenye mtindi. Likashuka vumbi la miaka sita, kiota cha nyigu ambacho kwa rehema za Mungu kilikuwa kimehamwa, na mjusi mmoja aliyeonekana kushangaa kuliko sisi. Fundi akajipangusa, akasema nguzo iko imara, tatizo ni dari. Nikamlipa. Nani humshtaki fundi wa dishi kwa kushindwa kufunga kitu kisicho dishi?

Wa pili nilimtoa jua kali, mtu wa kuchomea mageti. Huyu alipanda darini, akauona ubao wa kenchi juu ya lile tundu, akasema dawa ni kukikaza chuma kwenye ubao wenyewe. Kweli, ubao haukutoboka. Alikaza kwa spana ndefu hadi mshipa wa shingo ukamtoka, na huko juu tukasikia misumari ikilia kiii. Nikamuuliza hiyo ni sauti gani. "Inashika," akasema.

Haikuwa ikishika, ilikuwa ikiachia. Nyumba zetu nyingi za huku ni mabati juu ya mbao. Paa la mabati ni jepesi. Linakaa kwa sababu limepigiliwa, si kwa sababu ni zito. Ukilisukuma kutoka chini kwa skrubu, unafanya polepole ile kazi ambayo upepo hufanya kwa dakika moja. Tena mabati yana tabia zao: jua la mchana likiwaka yanatanuka yakilia ta! ta!, usiku yananywea. Kilichokazwa saa nane mchana, saa nne usiku kimelegea. Mwenzangu hakulijua hilo. Baada ya Isha alifunga mlango, akashika chuma, akazunguka nusu mzunguko, na chuma kikainama naye kwa upole kama mzee anayeketi. Aliangukia kwenye makochi. Hakuumia popote, ila alinitazama kwa namna ambayo niliondoka mwenyewe kwenda kulala chumba cha watoto.

Asubuhi yake akaja ayeeyo. Huku ndivyo bibi anavyoitwa kwa Kisomali, na huyu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini ambaye husikia vitu ambavyo wajukuu zake hawasikii. Aliingia na bakora yake, akasimama mbele ya kile chuma kilichoinama, akatazama tundu la dari. "Maalim, hii ni nini?"

"Ni ya pazia, ayeeyo."

"Pazia katikati ya nyumba?"

"Ya kugawa chumba."

Akaniangalia muda mrefu. Kisha akaketi, akaomba chai, akanieleza mambo ambayo katika shahada yangu yote ya ualimu hakuna aliyenifundisha. Ujanani mwake, alisema, hakukaa nyumba iliyojengwa na mwanamume. Nyumba ya wafugaji, ile aqal ambayo huku tumezoea kuiita herio, ni kazi ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Wao husuka mikeka, wao hukunja matao ya vijiti, wao hufunga kamba, na siku ya kuhama wao huibomoa yote na kuipakia juu ya ngamia, matao yakisimama ubavuni mwa mnyama kama mbavu za pili. Wakifika penye malisho wanaisimamisha tena kabla ya giza. Na katikati husimama udub, nguzo. Alipokuwa msichana alikwisha kusimamisha udub mara nyingi kuliko mara nilizohama mimi.

"Wewe umeifanya nguzo isukume," akasema. "Nguzo haisukumi. Nguzo hubeba. Juu inafungwa, uzito unaikalia, chini inakaa penye ardhi ngumu. Ikisukuma, siku moja itapata inakokwenda." Akaikamata kwa mkono mmoja, akaitikisa, dari nzima ikapiga chafya. "Ukishaifunga, itikise kama mtu unayemchukia. Ikikuvumilia, ndipo umlaze mtoto chini yake."

Alipofika mlangoni akageuka. "Au umtundike mke," akasema, akaenda zake akicheka.

Kesho yake mjukuu wake alituletea pazia, la maua, limekunjwa vizuri. Mtu mwenye adabu hapokei zawadi akakaa kimya, kwa hiyo nikamrudishia ayeeyo kilo mbili za sukari. Ndivyo ulivyonigharimu uongo wa pili.

Fundi wa tatu alikuwa wa mbao, na safari hii nilimwambia ukweli kwa kunong'ona. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mama ana kilo ngapi?" Nikamwambia aulize mwenyewe. Hakuuliza, na tangu siku hiyo namheshimu.

Alikuja saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa ikifika saa tano darini mwa mabati ni tanuri ya mkate. Alipitisha mbao mbili mpya za nne kwa mbili juu ya mbao tatu za kenchi, akazifunga kwa bolti, si misumari, ili uzito usiangukie ubao mmoja. Kati ya hizo mbili akaweka kipande kipana cha mbao ngumu, na kichwa cha chuma akakifunga hapo kwa skrubu ndefu kupitia lile lile tundu la fundi wa dishi, ambalo hatimaye likapata kazi. Zulia akaliondoa, maana zulia hubonyea na kitu kilichosimama juu ya kinachobonyea hakijasimama. Mguu wa chuma ukakaa juu ya sakafu tupu. Akaweka pimamaji upande wa mlango, akaweka upande wa dirisha, kwa sababu kitu kinaweza kuonekana wima ukikitazama hapa kikawa kimelala ukikitazama pale. Skrubu ya chini akaikaza kidogo tu, ya kutuliza, si ya kunyanyua.

Ikabaki kupima. Mtu akining'inia ametulia, chuma kinabeba uzito wake. Akizunguka au akijiangusha na kujidaka, uzito huo huongezeka mara kadhaa, na unavuta pembeni. Fundi alitaka mfuko wa saruji. Mwenzangu akasema saruji ya nini na mimi nipo. Basi nikaning'inizwa, kilo 92 za Wizara ya Elimu, nikatikiswa kushoto na kulia huku fundi akiwa darini akisikiliza. "Misumari kimya," akapaaza sauti. Viungo vyangu havikuwa kimya.

Sasa sebule ina katiba yake. Pande zote za chuma pawe na mita moja na nusu ya uwazi, kwa hiyo kiti changu, kile ambacho mgongo wangu ulikichimbia nafasi yake kwa miaka, kiko barazani na mbuzi wa jirani amekizoea. Televisheni iko chumbani, inatazama ukuta. Chini hutandikwa godoro nene. Kabla ya kila zoezi chuma kinatikiswa na bolti zinakaguliwa, kwa kuwa kila kinachozungukwa hulegea, na mbao mpya hukauka zikanywea katika joto hili. Hakuna kupaka mafuta mwilini siku ya zoezi. Hakuna kuruka juu yake mchana, jasho likiwa linatiririka. Ni alfajiri au baada ya Isha. Katika nyumba hii mimi sikuwahi kukaguliwa kwa makini namna hiyo.

Jumanne na Alhamisi majirani wanawake huja, ayeeyo akiwa mwenyekiti, na mimi hutolewa nje. Hukaa kwenye kibanda cha chai hadi saa nne usiku, nikijibu kwa nini siku hizi sitaki kwenda nyumbani. Nikirudi nawasikia kutoka barabarani wakipiga makofi ya dhaanto. Na lazima nikiri, ingawa kwa sauti ya chini: kipimo cha mwezi uliopita, sukari ya mwenzangu ilikuwa imeshuka. Yangu ndiyo imepanda, kwa sababu ya kile kibanda.

Ningeishia hapo kwa furaha, kama si tarehe 5, mwenye nyumba alipokuja bila kupiga simu na kukuta mlango wazi. Akasimama mbele ya chuma. Nikaona macho yake yakipanda hadi kwenye maua ya jipsamu, yakateremka, yakanipata.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Nilikuwa na majibu yote. Nilikuwa na India, nilikuwa na 2009 na 2017, nilikuwa na Shirika la Afya Duniani na dakika zake 150. Nikasema, "Ni ya kushikilia paa. Upepo wa juzi ulinitia wasiwasi."

Akakikamata, akakitikisa kama mtu anayemchukia. Kikamvumilia. "Mbao za juu mpya?" Mpya. "Bolti?" Bolti. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanipa mkono, akanishukuru kwa kutunza mali yake kama yangu, akaondoka. Nilishinda siku nzima nikijisifu.

Mwisho wa mwezi ukaja ujumbe kwenye simu: kwa kuwa nyumba sasa imeimarishwa kwa nguzo ya chuma, kodi itapanda kwa shilingi elfu mbili. Na akaomba nambari ya fundi, apeleke nguzo kama hiyo kwenye nyumba zake nyingine.

Nimekaa barazani na mbuzi nikipiga hesabu. Uongo wa kwanza ulikula dari, wa pili kilo mbili za sukari, na wa tatu utakula elfu mbili kila mwezi maadamu ninaishi humu. Yule fundi wa mbao alikipima kile chuma upande wa mlango na upande wa dirisha, kikawa wima kote kuwili. Ningejua, kabla hajafunga mfuko wake ningemwomba anipime na mimi.